Tanzia Isiyo na Matanga: Juu ya Fikira ya Kufa kwa Mungu katika Theolojia ya Kikristo

Mtu aletaye tanzia haachiwi aondoke hivi hivi. Huulizwa: Amekufa lini? Amefia wapi? Aliugua nini? Nani aliyekuwapo? Atazikwa saa ngapi, na matanga yatakaa kwa nani? Maswali haya si ya udadisi. Ndiyo njia ya wasikiao kupima kama habari ni ya kweli, na ya kila mmoja kujua wajibu wake mbele ya msiba. Katika makala haya nakusudia kuwauliza maswali hayo hayo wanatheolojia wachache wa Marekani ambao, katika miaka ya 1960, walitangaza kwamba Mungu amekufa, nao wakatangaza hivyo wakiwa ndani ya Kanisa na kwa jina la Kristo. Nadai kwamba hawakuwa wakitangaza kifo kimoja. Na kwamba yule aliyelisema neno hili kwa ukamilifu wake, yaani Thomas Altizer, alilisema kwa namna isiyoacha nafasi ya kulia.

Yafaa tuanzie kwenye asili, maana watu wengi huianza habari hii kwa Friedrich Nietzsche na kuishia kwake. Katika kitabu chake Die fröhliche Wissenschaft cha mwaka 1882, Nietzsche anasimulia habari ya mwendawazimu aliyekimbilia sokoni asubuhi, taa mkononi, akimtafuta Mungu. Watu wakamcheka. Naye akawaambia kwamba Mungu ameuawa, na waliomwua ni wao pamoja na yeye mwenyewe. Jambo ambalo aghalabu husahauliwa ni kwamba watu wale wa sokoni walikuwa tayari hawamwamini Mungu. Hawakuhitaji kuambiwa kwamba hayupo. Kicheko chao ni cha watu waliopoteza kitu wasijue ukubwa wake. Mwendawazimu peke yake ndiye aliyefiwa. Nitarudi kwenye tofauti hii.

Lakini neno lenyewe ni la kale kuliko Nietzsche, na halikuzaliwa barazani pa wakanamungu. Lilizaliwa chini ya msalaba. Mwaka 1641 Johann Rist, mchungaji wa Kilutheri, alitunga utenzi wa maombolezo ya Ijumaa Kuu ambamo yeye aliyelala kaburini ni Mungu mwenyewe. Hegel alilichukua wazo hilo mwaka 1802 akalitia katika falsafa. Na nyuma ya Walutheri tunao mtaguso wa Konstantinopoli wa mwaka 553, uliokiri kwamba aliyesulubiwa katika mwili ni mmoja wa Utatu. Kwa hiyo Mkristo asemaye kwamba Mungu alikufa siku ya Ijumaa hasemi neno geni kwa imani yake. (Kwa Mwislamu mambo ni tofauti kabisa: Hai ni jina mojawapo la Mwenyezi Mungu, na Kurani yakana kwamba Isa aliuawa msalabani, basi kwake hata Ijumaa hiyo ya kwanza haipo. Asomaye theolojia hii kwa Kiswahili, lugha iliyolelewa na dini zote mbili, hana budi kulikumbuka hilo.) Ugomvi uliozuka Marekani haukuwa juu ya Ijumaa. Ulikuwa juu ya Jumapili.

Lugha yetu yatusaidia kuliona jambo hili upesi. Twaweza kusema Mungu alikufa, na twaweza kusema Mungu amekufa. Sentensi ya kwanza yataja tukio lililopita, wala haisemi lolote juu ya hali iliyofuata. Aliyekufa juzi aweza, kwa imani, kuwa amefufuka leo. Ya pili yalifunga tukio pamoja na hali yake: kafa, naye angali mfu hivi tunavyosema. Kanisa limesema "alikufa" tangu mwanzo. Lisilokubali kusema ni "amekufa". Sijui lugha nyingi ambazo mabishano ya theolojia nzima yaweza kuonyeshwa kwa silabi moja namna hii.

Na kitenzi kufa nacho kina mambo yake. Hufa mtu, hufa mnyama, hufa mti. Lakini pia hufa injini ya gari, hufa saa ya ukutani, hufa biashara, hufa desturi, hufa lugha. Hata mkono ukishikwa na ganzi twasema umekufa. Tukisikia kwamba fulani amekufa, twajua. Tukisikia kwamba kitu kimekufa, twauliza kimekufaje. Wanatheolojia hawa walipasa kuulizwa swali hilo mapema zaidi kuliko walivyoulizwa.

Gabriel Vahanian, mzaliwa wa Marseille aliyefundisha Marekani, alitoa kitabu chake The Death of God mwaka 1961. Kifo alichokieleza ni cha desturi. Utamaduni wa nchi za Magharibi, asema, haukai tena juu ya imani. Dini iliyobaki ni mapambo ya maisha mema, na Mungu amegeuzwa mlezi wa heshima za mji. Vahanian hakudai kamwe kwamba Mungu mwenyewe, Mungu wa manabii, amekoma kuwapo. Karipio lake ni la mfuasi wa Calvin dhidi ya sanamu. Ni kitabu kizuri, lakini jina lake liliahidi msiba ambao ndani haumo.

Paul van Buren yeye alizungumza juu ya kifo cha neno. Alipata udaktari wake Basel chini ya Karl Barth, halafu akaingia katika falsafa ya uchambuzi wa lugha ya Waingereza. Katika The Secular Meaning of the Gospel cha mwaka 1963 anautegemea mfano uliosimuliwa na Antony Flew: wasafiri wawili wanakuta uwazi wenye maua katikati ya msitu, mmoja akishikilia kwamba yupo mtunza bustani. Wanalinda, hawamwoni. Basi haonekani. Wanaweka seng'enge yenye umeme na mbwa wa kunusa, hakuna kitu. Basi hagusiki, hanuki, hasikiki. Mwishowe mwenzake amwuliza, mtunza bustani wa namna hiyo ana tofauti gani na yule asiyekuwapo? Van Buren alikubali kwamba jina "Mungu" limefikia hapo, akajaribu kuieleza Injili yote bila jina hilo: Yesu alikuwa mtu huru, na siku ya Pasaka uhuru wake uliwaambukiza wanafunzi wake. Hoja ni safi. Ila naona ajabu kwamba mtu aliyekuwa makini hivyo juu ya maneno hakuuliza kama neno "uhuru" lingeweza kupita katika mtihani ule ule wa mbwa na seng'enge. Baadaye Van Buren mwenyewe aliiacha njia hiyo, akatumia miaka yake kuandika juu ya Wakristo na Wayahudi, na jina la Mungu likarudi katika kalamu yake.

Wote hawa walikuwa na deni kwa mfu mmoja. Dietrich Bonhoeffer alinyongwa Flossenbürg tarehe 9 Aprili 1945, na barua zake za gereza la Tegel zilitolewa na rafiki yake Eberhard Bethge mwaka 1951. Katika barua za mwaka 1944 aliandika juu ya ulimwengu uliofikia utu uzima, na juu ya Ukristo usiotegemea dini. Kwamba Mungu ndiye anayetutaka tuishi kama watu wanaoyamudu maisha yao pasipo yeye. Askofu John Robinson wa Woolwich aliyatia mawazo hayo katika Honest to God mwaka 1963, nacho kitabu chake kiliuzwa zaidi ya nakala milioni moja. Lakini Bonhoeffer aliyaandika maneno hayo huku akisali kila siku. Kumtenga na sala zake ni kumsoma nusu.

William Hamilton alijua hivyo, na kwa sababu hiyo namheshimu kuliko wenzake. Mungu wa Hamilton hajafa kama mtu afavyo. Ni kama baba aliyesafiri, barua zikakoma, na nyumba ikajikuta siku moja imezoea. Hamilton haongezi chumvi. Asema kwamba hana tena kile alichokuwa nacho, na kwamba mahali pake sasa ni kando ya jirani yake, alikosimama Yesu; kwa Mmarekani wa wakati ule maana yake ilikuwa kuandamana pamoja na Weusi waliokuwa wakidai haki zao. Hapa walau warithi wamejulikana, na mirathi ni kazi.

Kosa la Hamilton lilikuja pale alipokwisha kuanua matanga kabla hayajakaa. Katika makala moja, iliyomo katika kitabu alichokitoa pamoja na Altizer mwaka 1966, Radical Theology and the Death of God, anatangaza matumaini mapya. Aichagua tarehe 4 Januari 1965 kuwa kama mlango wa zama: siku hiyo alikufa T. S. Eliot, mshairi wa ukiwa, na siku hiyo hiyo Rais Johnson aliihutubia nchi juu ya jamii bora ijayo. Uchaguzi huo wavutia, tena ni wa mtu asomaye fasihi kwa mapenzi. Lakini tarehe 8 Machi mwaka ule ule askari wa kwanza wa mapigano wa Marekani waliteremka Da Nang, Vietnam. Na tarehe 4 Aprili 1968 Martin Luther King aliuawa Memphis. King alikuwa mchungaji wa Kibaptisti, na maandamano ambayo Hamilton aliyaona kuwa kazi ya zama zisizo na Mungu yalianzia, mara nyingi, kanisani, kwa nyimbo na maombi. Mtu akisema mwenye nyumba amekufa, naye akila mezani pake, anapaswa kueleza.

Sasa nifike kwa Altizer. Alizaliwa mwaka 1927, akasoma historia ya dini Chicago, akafundisha Biblia na dini katika Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta, chuo chenye asili ya Kimethodisti. The Gospel of Christian Atheism, yaani injili ya ukanamungu wa Kikristo, kilitoka mwaka 1966. Mwaka huo huo, tarehe 8 Aprili, iliyokuwa Ijumaa Kuu, gazeti la Time lilitoka na jalada lisilo na picha, maandishi mekundu juu ya weusi, likiuliza kama Mungu amekufa. Wamethodisti wengi na wafadhili wa chuo walidai Altizer afukuzwe, chuo hakikumfukuza. Mwaka 1968 alihamia Stony Brook, New York.

Hoja yake yaweza kuelezwa hivi. Dini nyingine, asema, hutafuta kurudi kwenye utakatifu wa asili, kabla ya wakati na kabla ya mwili. Ukristo peke yake huenda mbele: Neno lilifanyika mwili. Ikiwa kweli lilifanyika mwili, basi halikuvaa mwili kama kanzu ivaliwayo kwa safari na kuvuliwa baada ya safari. Mungu alijimwaga ndani ya Yesu mpaka mtungi ukabaki mtupu, na mbinguni hakusalia kitu. Msalaba ulikamilisha kumwagika huko. Kanisa liliogopa, likamfufua Kristo na kumpandisha mbinguni, likamfanya tena Bwana wa mbali mwenye kiti cha enzi. Huyo aliyebaki mbinguni kwa nguvu ya hofu za watu, Altizer, akimfuata mshairi William Blake, amwita Shetani. Kazi ya Mkristo ni kukitaka kifo hicho, kukikubali kwa furaha, maana ndiyo habari njema yenyewe. Sura ya mwisho ya kitabu aliita dau: uchague Mungu wa mbali au Kristo aliyemo kabisa ndani ya ulimwengu.

Wapinzani wengi walimjibu kwa hasira tu. Mimi nadhani kwanza apewe haki yake. Kati ya wote niliowataja, yeye peke yake alitumia kitenzi kufa kwa maana yake ya kawaida: palikuwa na aliye hai, akafa. Tena aligusa kidonda cha kweli. Katika mahubiri mengi niliyoyasikia maishani, mwili wa Yesu ni hiyo hiyo kanzu. Mateso yake husimuliwa upesi, kama mtu apitaye mahali pabaya usiku, ili tufike kwenye utukufu. Altizer alikataa kupita upesi. Aidha alidai kwamba kushuka kuzimu ni sehemu ya imani kama kupaa kulivyo, naye hakukosea.

Lakini tumwulize ya tanzia. Amekufa lini? Altizer ajibu: msalabani. Mbona basi habari haikujulikana mpaka enzi za Blake, Hegel na Nietzsche? Ajibu kwamba kifo hicho hujifunua polepole katika historia, hatua kwa hatua, mpaka kikamilike katika zama zetu. Hapo nashindwa kumfuata. Historia iendayo hatua kwa hatua kuelekea mwisho uliokusudiwa ni historia yenye mwongozi. Ni kama kuambiwa kwamba nahodha alikwisha kuzikwa baharini, lakini chombo, bila mtu penye usukani, chaendelea kushika njia yake mpaka bandarini alikokusudia. Ama nahodha yupo, ama bandari ni bahati. Altizer ataka nahodha afe na bandari ibaki.

Nani aliyekuwapo? Hili lanisumbua zaidi. Katika kitabu kizima juu ya kifo kilichotokea msalabani, mtu wa Galilaya haonekani. Hatumwoni akichapwa, hatumsikii akilia, hatuwaoni wanawake waliosimama kwa mbali. Yesu wa Altizer ni jina la mwendo wa Roho, kama ulivyo katika Hegel. Yaani mwanatheolojia aliyelilaumu Kanisa kwa kuusahau mwili, yeye mwenyewe ameandika maziko yasiyo na maiti. Na kwa kuwa hakuna maiti, hakuna wa kuliliwa. Tanzia inasomwa kwa shangwe, hapana matanga. Mwendawazimu wa Nietzsche alitetemeka. Altizer, ingawa humtaja Nietzsche mara kwa mara, asherehekea. Nathubutu kusema kwamba amesimama karibu zaidi na watu wa sokoni kuliko anavyodhani.

Ni Myahudi aliyeleta matanga. Richard Rubenstein, rabi wa Marekani, alikuwa Berlin mwezi Agosti 1961, siku chache baada ya mji kugawanywa kwa ukuta. Alimtembelea mchungaji Heinrich Grüber, mtu aliyewasaidia Wayahudi wakati wa Hitler na kufungwa kwa ajili hiyo. Grüber, kwa moyo mweupe, alimwambia kwamba maangamizi ya Wayahudi yalikuwa mapenzi ya Mungu. Kama Mungu ndiye Bwana wa historia, na kama Israeli ni taifa lake teule, basi mkono wake ulikuwamo. Rubenstein aliona kwamba mantiki ya mzee yule haina kasoro. Ndipo akaamua kwamba hawezi tena kumkiri Bwana huyo. After Auschwitz kilitoka mwaka 1966, mwaka ule ule wa kitabu cha Altizer. Lakini Rubenstein hakusema moja kwa moja kwamba Mungu amekufa. Alisema kwamba tunaishi katika wakati wa kufa kwa Mungu, maana hilo ni neno juu yetu, na hakuna mwanadamu awezaye kushuhudia lile jingine. Akaongeza kwamba kwake msemo huo una harufu ya msalaba, wala si wa dini yake. Hakufurahi. Aliwataka watu wake waendelee na sinagogi, na sala za wafu, na desturi za kuzaliwa na kuzikwa, kwa sababu ulimwengu ukiwa hauna Mungu, mwenye msiba amhitaji jirani zaidi, si kidogo. Nikiviweka vitabu hivi viwili mezani, najua ni kipi kilichoandikwa na mtu aliyefiwa.

Wajerumani nao walikuwa na sababu ya kujua. Dorothee Sölle aliandika juu ya Kristo kuwa mwakilishi wa Mungu asiyekuwapo mwaka 1965. Jürgen Moltmann, aliyekuwa kijana wa Hamburg mji ulipoteketezwa kwa mabomu mwezi Julai 1943, rafiki yake akafa kando yake, aliandika mwaka 1972 juu ya Mungu aliyesulubiwa. Kwake Baba hafi. Baba hufiwa na Mwanawe, na msiba huo umo ndani ya Mungu. Hii ni theolojia yenye matanga kweli kweli. Kuna jambo moja lililonisita: wote wawili waliitumia habari ya mtoto aliyenyongwa kambini, kama Elie Wiesel alivyoisimulia, kuonyesha kwamba Mungu alikuwapo katika kitanzi. Ushahidi wa Myahudi juu ya Mungu aliyepotea usigeuzwe haraka kuwa mahubiri ya Mkristo juu ya Mungu aliyepatikana.

Husemwa huku kwetu kwamba mambo haya yote hayatuhusu. Hoja hiyo yaelezeka. Wakati Altizer alipokuwa Atlanta, John Mbiti alikuwa Makerere, akiandika African Religions and Philosophy, kilichotoka mwaka 1969. Na "mwanadamu wa kisasa asiyeweza kuamini" alikuwa, kwa kweli, mwanadamu wa vyuo vikuu vichache. Time lenyewe, mwezi Desemba 1969, liligeuza swali na kuuliza kama Mungu anarudi uhaini. Ila kujaa kwa makanisa yetu si jibu. Soko la Nietzsche nalo lilikuwa limejaa. Mbiti, kwa kutumia maneno yetu mawili, sasa na zamani, alieleza kwamba marehemu hatoki katika sasa maadamu yuko amjuaye kwa jina. Kifo ni safari ndefu ya kusahauliwa. Mbiti hakulisema hilo juu ya Mungu, wala asingelisema. Lakini mtu akilitia katika swali letu, swali huwa jingine: si kama Mungu amekufa, bali kama yuko bado amwitaye kwa jina akimjua, au twalitaja tu jina la mtu tuliyesimuliwa. Wasomaji wa Euphrase Kezilahabi watajua kwamba mwangwi wa Nietzsche ulikwisha kuingia katika riwaya zetu, katika Nagona na Mzingile. Hayo yataka makala yake.

Nabaki na jambo la tafsiri. Kitabu chote cha Altizer kimesimama juu ya kitenzi kimoja cha Kiyunani, kilichomo katika sura ya pili ya Waraka kwa Wafilipi, kisemacho kwamba Kristo alijifanya mtupu. Watafsiri wa Biblia ya Union, iliyotoka mwaka 1952, hawakusema habari ya utupu. Walisema habari ya kukosa utukufu. Nawaelewa. Lakini utukufu uliowekwa kando waweza kuvaliwa tena, na kilichomwagwa hakizoleki. Nilipolazimika kufasiri kurasa chache za Altizer kwa ajili ya darasa langu, niliandika "alijimwaga". Wanafunzi wawili walilalamika kwamba neno hilo ni la maji na la damu, halimfai Mungu. Sikulibadili.